Maneno ya wazee yasifungiwe kwa kufuli la kukodi

Mwezi wa Januari 2024 nilihudhuria matanga katika kijiji kimoja kilicho kandokando ya Mto Tana, si mbali na mji wa Garsen. Marehemu alikuwa mzee wa Kipokomo aliyenisaidia kwa miaka minne kukusanya msamiati wa mto: majina ya sehemu za mtumbwi, majina ya aina za mpunga, ya maji yanapopanda na yanaposhuka, ya tope ambalo mkulima huliamini na lile asiloliamini. Nilikuwa nimeinasa sauti yake kwa saa nyingi. Tulipokwisha kula, mwanawe wa kwanza alinisogelea akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ile sauti ya baba bado unayo?" Nikamjibu kwamba ninayo. Akaomba tuisikilize jioni ile pamoja na ndugu zake. Hapo ikanibidi nimweleze jambo ambalo mimi, mtu mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, niliona aibu kulitamka: kwamba sauti ya baba yake ninayo humu mkobani, ila sina ruhusa ya kuifungua.

Kisa chenyewe ni hiki. Tangu mwaka 2019 nimekuwa nikikusanya maneno ya Kipokomo katika eneo la Tana Delta. Ruzuku ndogo ya utafiti ilituwezesha kununua programu ya kutungia kamusi, ambayo huhifadhi neno, maana yake, mifano ya matumizi na sauti ya msemaji, vyote katika faili moja la aina ya peke yake ambalo programu nyingine haziwezi kulisoma. Ilikuwa programu nzuri, sikatai. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilinyesha, Tana ikafura na kuvunja kingo zake, na nyumba nilimoacha kompyuta yangu ikaingiwa na maji. (Wanafunzi wangu watanisamehe nikisema kompyuta badala ya tarakilishi, mjadala huo nimeushiriki mara nyingi mno hata sina hamu ya kuurudia.) Kompyuta ilikaa matopeni siku tatu. Sikufadhaika sana, kwa sababu msaidizi wangu, kijana mwenye busara kunishinda, alikuwa amenakili kila kitu katika flashi na kuihifadhi Malindi. Nikanunua kompyuta nyingine, nikaipakia ile programu, nikaingiza msururu mrefu wa herufi na tarakimu uliokuja pamoja na stakabadhi. Jibu likaja kwa Kiingereza cha adabu: leseni hii imekwisha kutumiwa katika idadi ya kompyuta inayoruhusiwa, tafadhali iondoe kwanza katika kompyuta ya awali.

Kompyuta ya awali ilikuwa imeanikwa juani juu ya banda, na mchanga ukichungulia katikati ya vibonyezo vyake. Ilikuwa sawa na kumtuma mtu akatafute saini ya maiti.

Nilimwandikia muuzaji, ambaye sitamtaja. Mashine ikanijibu. Nikaandika tena, na safari hii nikajibiwa na binadamu, akadai nakala ya stakabadhi na ombi litumwe kutoka anwani ile ile ya baruapepe iliyotumiwa siku ya kununua. Anwani hiyo ilikuwa ya mradi. Mradi ulikwisha mwaka 2022, na anwani yake ikafungwa. Tukaandikiana, wiki zikapita, na ni katika wiki hizo ndipo mzee alipofariki.

Sikuandika haya ili kuomba rambirambi. Naamini kwamba jambo lililonipata limewapata walimu wengi wasomao ukurasa huu, na litawapata wengine wengi zaidi. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani, za aina ile ambayo shule zetu huzipokea kama msaada, haziwezi kupokea Windows 11. Maana yake ni kwamba walimu wengi watalazimika kuhamia kompyuta nyingine pamoja na programu zao. Ni heri tuelewe ni nini hasa hutokea mtu anapohama.

Programu inapoamilishwa, hutazama alama za kompyuta iliyomo: nambari ya diski, ya bodi kuu, pengine ya kadi ya mtandao. Kutokana na alama hizo huunda nambari moja, kama vile karani anavyochukua alama za vidole, kisha huipeleka kwa seva ya mwenye programu, na huko huandikwa kwamba leseni fulani imekaa katika kompyuta fulani. Ukiihamisha, alama hubadilika. Seva haijui kwamba ya kwanza imezama, imeibwa au imeunguzwa na radi. Inachojua ni kuhesabu tu. Kwa hiyo aliyeruhusiwa kompyuta moja akaja na ya pili huonekana kama mtu anayetaka kula mara mbili. Desturi hii iliwafikia watu wengi Microsoft ilipotoa Windows XP mwaka 2001, na leo karibu kila programu ya kulipia inayo. Dawa yake, kwa aliye na bahati ya kuhama kwa hiari, ni kuifungua programu katika kompyuta ya zamani kabla ya kuiacha, atafute mahali pa kuiondoa leseni, aiondoe huku mtandao ukiwapo, ndipo aende kwingine. Kampuni nyingine humruhusu mteja aingie katika akaunti yake na kuifuta kompyuta ya zamani akiwa mbali. Lakini programu iliyokuja imekwisha kuwekwa ndani ya kompyuta tangu kiwandani, aghalabu leseni yake hufa na kompyuta hiyo, na hakuna haja ya kupoteza simu za bure na za malipo kuihangaikia.

Si kila kukataliwa kunatokana na sababu hiyo. Mwalimu mmoja wa shule ya upili katika sehemu zile alinipigia simu akilalamika kwamba kompyuta kumi walizopewa zimekataa leseni mpya kabisa, ambayo haijawahi kutumiwa. Nilimwomba anisomee tarehe iliyo pembeni mwa kioo. Akasoma: 1 Januari 2009. Betri ile ndogo ya duara kama sarafu, inayoilinda saa ya kompyuta wakati umeme umezimwa, ilikuwa imekufa katika zote. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoishi mwaka 2009 hukiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kazi, ikakataa kusema na seva hiyo. Walinunua betri, wakasahihisha saa, na kompyuta tisa zikakubali. Ya kumi ilikuwa imeandikiwa herufi O mahali pa sifuri. Kuna pia wale wanaonunua ufunguo wa toleo moja na kupakia toleo jingine, na wale walio mahali ambapo mtandao haufiki, ambao hawajui kwamba baadhi ya kampuni huruhusu kuamilisha kwa simu, au kwa kulibeba faili la ombi katika flashi hadi kompyuta yenye mtandao na kurudi na jibu.

Hayo ni ya ufundi. Linalonikera mimi ni la lugha.

Tazama kitenzi kuamilisha. Asili yake ni amali, yaani kazi au tendo, na ile -ish- ni ya kusababisha: kukifanya kitu kitende kazi. Katika sarufi, kila kitenzi cha kusababisha humtafuta msababishaji wake. Nikisema "nimeiamilisha programu", mtenda ni mimi. Kumbe mimi nimebonyeza kitufe tu. Msababishaji wa kweli yuko ng'ambo, naye anaweza kukataa. Sentensi yangu ni sahihi kisarufi na ni ya uongo.

Kitenzi kununua ndicho kilichonidanganya zaidi. Mtu akinunua jembe katika soko la Garsen, jembe ni lake. Anaweza kuliazimisha, kuliuza, kulirithisha wanawe. Mpini ukivunjika, hutia mwingine, na hakuna anayemwuliza kama ni jembe lile lile. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyokielewa kitenzi hicho tangu wavyele wetu. Kwa mambo mengine tunavyo vitenzi vingine: tunapanga nyumba, tunakodi gari, tunaazima kitabu, na kila kimoja hubeba ndani yake habari kwamba mwenyewe yupo na atarudi kudai. Nje ya kasha la programu pameandikwa kwamba umenunua. Ndani, katika yale maandishi marefu ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma (mimi pia), pameandikwa kwamba umeruhusiwa kutumia.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa wanaisimu wasio na kazi. Basi na watunga sheria nao wameingia katika ubishi huo. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni za UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba mtu akilipa bei ili apate nakala ya programu na ruhusa ya kuitumia bila kikomo cha wakati, huko ni kuuziwa, na anaweza kuiuza tena nakala hiyo mradi aache kuitumia mwenyewe. Nalo jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua pale anapotoa leseni inayoweza kuondolewa, isipokuwa amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria nzima imetungwa kuhusu matumizi ya kitenzi! Laiti wafasiri wetu wa programu nao wangekuwa na uangalifu kama huo.

Na hatari si ya mafuriko peke yake. Kampuni ya Adobe iliwahi kuzima seva za kuamilishia programu zake za CS2. Ni haki kuongeza kwamba iliwapa wateja nakala zisizohitaji kuamilishwa, lakini hilo lilikuwa hiari yake. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na wasomaji wakarudishiwa fedha zao huku vitabu vyenyewe vikiacha kufunguka. Aliyelipia kitabu alirudishiwa bei. Mimi nani angenirudishia mzee wangu?

Hapa nataka kuleta ulinganisho ambao haujaniacha nilale vizuri. Mmishonari Mjerumani Ferdinand Würtz, aliyefanya kazi Ngao, chini kidogo ya Garsen, alichapisha kamusi ya Kitikuu na Kipokomo mwaka 1895. Ina kasoro zake, na mitazamo yake ni ya wakati wake. Lakini mwanafunzi wangu akienda maktabani leo, huifungua na kusoma. Hakuna seva inayoulizwa kama Würtz angali hai au kama shirika lililomtuma lingali na anwani ile ile. Kazi yake ina zaidi ya miaka mia moja na inasomeka. Yangu ilikuwa na miaka minne na haikusomeka. Na lugha za Tana si za kuchezea bahati nasibu. Hapo mtoni kuna Kipokomo na Kiilwana, ambazo pamoja na Kiswahili, Kimijikenda na Kingazija ni za kundi moja la Sabaki. Kuna Kiorma, ambacho ni cha jamii ya Kioromo. Na jirani upande wa Lamu kuna Kidahalo, ambacho wasemaji wake wamebaki wachache sana. Anayetaka kujua Kiswahili kilitoka wapi hana budi kupita njia hiyo.

Isidhaniwe kwamba napinga leseni zenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huziweka programu za kompyuta katika fungu moja na kazi za maandishi, na mtu anayeishi kwa kuandika hawezi kulipuuza hilo. Wazee wa huko wamewahi kuniuliza, nusu mzaha, ni nani aliyewaomba leseni mwaka 1963 wakati lahani ya wimbo wa kina mama wa Kipokomo wa kubembeleza watoto ilipofanywa wimbo wa taifa letu. Sikuwa na jibu. Kwa hiyo najua kwamba kitu kisicho na kufuli huweza kumwacha mwenyewe mikono mitupu. Najua pia njia ya mkato. Kijana mmoja wa duka la kompyuta mjini Malindi aliniambia, "Daktari, nipe dakika kumi tu, nitaivunja." Nilikataa, kwa sababu ya sheria na kwa sababu programu zilizovunjwa kufuli huja na wageni wasioalikwa. Nakiri hata hivyo kwamba jioni ile ya matanga, nilipoutazama uso wa yule mwana wa marehemu, nilijuta kukataa.

Msimamo wangu ni kwamba kuna tofauti kati ya chombo na amana. Chombo naweza kukikodi. Nikikodi programu ya kuchorea au ya kupigia hesabu na ikakataa kesho, nitapata hasara na nitanuna, basi. Lakini maneno aliyonipa mzee si yangu, aliniwekea. Sina haki ya kuitia amana ya mtu ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake unakaa kwa mtu wa tatu, ambaye mwenye amana hajawahi kumwona wala kumsikia. Mtafiti anayefanya hivyo amekosa hata kabla ya mafuriko kuja, nami ndiye niliyekosa.

Wala hakuna udhuru wa kwamba njia nyingine hazipo. Shirika la SIL hutoa bila malipo FieldWorks, programu ya kutungia kamusi. Taasisi ya Max Planck ya saikolojia ya lugha huko Nijmegen, Uholanzi, hutoa ELAN ya kufasiria rekodi za sauti na video. Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wametupa Praat ya kuchunguzia sauti. Kwa kuandika tu, ipo LibreOffice. Zote hizo zinaweza kuhamishiwa kompyuta yoyote bila kuomba ruhusa. Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kuzitazama kwa jicho jema programu huria: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili, na uliweza kufanya hivyo kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuufasiri.

Anayeona lazima atumie programu ya kulipia, na sababu za kweli zipo, afanye walau haya. Kila mwezi atoe nakala ya kazi yake katika maandishi matupu, yale ambayo kompyuta yoyote husoma, na sauti zake katika mafaili ya kawaida ya WAV, kisha aziweke mahali pawili ambapo mto mmoja hauwezi kupafikia. Leseni iandikishwe kwa anwani ya idara, si ya mradi utakaokufa wala ya mhadhiri atakayestaafu. Stakabadhi ipigwe picha. Na idara za vyuo vikuu vyetu, zinapotia saini mikataba ya ununuzi, ziulize swali moja tu kabla ya kuuliza bei: kompyuta hii ikizama, tutafanyaje? Muuzaji asiye na jibu la maandishi na aachwe aende zake. Nimekaa katika kamati nyingi za ununuzi, na sijawahi kulisikia swali hilo likiulizwa, hata na mimi.

Baada ya wiki saba kampuni ile ilinipa nafasi moja zaidi, kwa hisani, na onyo kwamba ni ya mwisho. Siku hiyo hiyo nilitoa kila nilichoweza kutoa. Sauti zilitoka zote salama. Maneno pia yalitoka, lakini mifano ya matumizi ilichanganyika, wa neno hili ukaangukia neno lile, na mtu wa pekee aliyeweza kuniambia haraka upi ni wa wapi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mwezi wa Machi nilirudi kijijini. Mwana wa marehemu aliipokea sauti ya baba yake katika simu yake, na ndugu zake wakaichukua kutoka kwake. Tuliketi chini ya mwembe tukamsikiliza mzee akieleza jinsi ya kuziba ufa wa mtumbwi, na mjukuu mmoja akaomba irudiwe pale alipokohoa. Mifano ya matumizi bado naipanga upya kwa mkono, neno baada ya neno. Nimefika herufi ya M.